Kadi ya zamani au mpya? Uliza haya kabla ya kununua kompyuta ya studio

Anayetaka kufungua studio ndogo ya video pale Hedaru, ya kuhariri harusi, kipaimara na nyimbo za kwaya, mara nyingi huanza na kompyuta iliyotumika, inayoletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam au Arusha. Muuzaji atamwambia kwenye simu: "Hii ina kadi ya Quadro, kaka, ni mashine ya kazi." Bei inapanda kwa neno hilo moja.

Msikilizaji, Quadro si kadi moja. Ni jina ambalo kampuni ya NVIDIA ya Marekani ililitumia kwa miaka mingi kwa kadi zake za wataalamu: wahandisi, wachora ramani, wahariri wa video. Kati ya Quadro ya zamani na ya miaka ya karibuni kuna tofauti kubwa. Leo tunalinganisha mbili: Quadro 4000 iliyotoka mwaka 2010, na Quadro P2000 iliyotoka mwaka 2017.

Kadi ya grafiki inafanya nini?

Prosesa ya kompyuta ni kama fundi mmoja hodari anayejua kazi nyingi. Kadi ya grafiki ni kama msaragambo: watu wengi wanaingia shambani kwa pamoja, kila mmoja na tuta lake, na kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja wiki nzima inaisha asubuhi. Picha moja ya video ina nukta milioni kadhaa za rangi, na sekunde moja ina picha 25 au zaidi. Kazi ya namna hiyo inahitaji mikono mingi.

Quadro 4000 ina "mikono" 256, yaani vitengo vidogo vya kukokotoa. P2000 inavyo 1,024. Kumbukumbu ya ya kwanza ni GB 2, ya pili GB 5. Kwa hesabu za kiwandani, ya zamani hufikia hesabu bilioni 486 kwa sekunde, na mpya hufikia trilioni 3, yaani kama mara sita. Usitegemee video yako itoke haraka mara sita, kwa sababu prosesa na diski nazo zina sehemu yake.

Lakini anayenunua kwa ajili ya kazi asiishie kwenye namba hizo. Kuna mambo matatu yatakayomgusa kila siku.

Kwanza: inaielewa video ya simu yako?

Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi video kwa mfumo unaoitwa H.265. Mfumo huu hubana video ili isijaze simu, lakini kuifungua tena ni kazi nzito. Quadro 4000 ilitengenezwa kabla mfumo huo haujakuwepo. Haina sehemu ya kuufungua, na haina kabisa sehemu maalumu ya kubana video wakati wa kutoa kazi iliyokamilika, ile hatua ambayo vijana wa studio huiita kurenda. Mzigo wote unamwangukia prosesa. Matokeo yake video inakwamakwama wakati wa kuhariri, na bwana harusi anaambiwa arudi kesho.

P2000 ina sehemu zote mbili, ya kufungua na ya kubana, kwa H.265 na kwa H.264 ya zamani. Hakikisha tu kwamba programu yako ya kuhariri imewekwa iitumie kadi.

Pili: inakula umeme kiasi gani?

Hapa wengi hushangaa. Ile ya zamani, yenye nguvu ndogo, ndiyo inayokula zaidi. Quadro 4000 hufikia wati 142. P2000 haizidi wati 75. Tofauti ni wati 67. Ukifanya kazi nzito saa sita kwa siku, kwa siku 30, tofauti hiyo inafikia uniti 12 za LUKU. Zidisha kwa bei unayolipa wewe, halafu zidisha kwa miezi 12. Wanaotumia sola watauona mzigo huo kwenye betri mapema zaidi.

Umeme huo wote hugeuka joto. Hedaru ipo tambarare, upande mkavu wa milima ya Upare, na vumbi la kiangazi linalijua kila dirisha. Kadi yenye joto kali na feni iliyojaa vumbi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Kuna jambo jingine. Quadro 4000 inahitaji waya wa ziada wa umeme kutoka kwenye pawa saplai. P2000 haihitaji, inachukua umeme wote kupitia tundu lake kwenye madabodi. Kwa hiyo inaweza kuwekwa hata kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini, mradi boksi lake ni la kimo kamili. Kwenye zile nyembamba haiingii.

Tatu: bado inahudumiwa?

Kila kadi inahitaji draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana nayo. Kwa kizazi cha Quadro 4000, NVIDIA iliishia kwenye madraiva ya namba 390. Programu mpya za kuhariri zinapodai draiva mpya zaidi, kadi hiyo inabaki nje. P2000 nayo si ya milele: kundi la namba 580 ndilo la mwisho kwa kizazi chake. Asikudanganye mtu kwamba ni kadi ya kisasa kabisa. Ni kadi ya zamani kiasi ambayo bado inafanya kazi.

Je, kila mtu anaihitaji?

Hapana. Kama kazi yako ni picha za pasipoti, kadi za michango, mabango na kuchapa barua, hata Quadro 4000 inatosha, na pengine huhitaji kadi yoyote ya kuongeza. Pesa yako ipeleke kwanza kwenye RAM na diski ya SSD. P2000 inamfaa anayehariri video mara kwa mara, au anayechora ramani na majengo.

Kabla hujatuma pesa

Muombe muuzaji aiwashe kompyuta, afungue programu ya bure inayoitwa GPU-Z, na akutumie picha ya skrini. Soma jina la kadi, ukubwa wa kumbukumbu na kiasi cha mikono. Kwa P2000 lazima uone GB 5 na 1,024. Ukiona namba nyingine, si yenyewe, hata kama stika inasema hivyo.

Uliza pia kuhusu matundu ya nyuma. P2000 ina matundu manne ya DisplayPort na hakuna jingine. Kama skrini yako ni ya waya wa VGA au HDMI, agiza adapta kwenye basi hilohilo, usije ukapokea mashine jioni na kukaa nayo gizani mpaka basi la kesho.