Wakala wa Ajira Anamtumikia Nani?

Bahasha ya kaki siku hizi imehamia kwenye simu, lakini mzunguko ni ule ule. Mhitimu anatuma CV, anaitwa kwenye ofisi ya wakala ghorofani, Upanga, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Diamond Jubilee. Anajaza fomu, anaacha vivuli vya vyeti na kitambulisho cha NIDA, anaambiwa: "Tutakupigia." Wiki zinakatika. Akipiga yeye, simu haipokelewi. Anabaki akijiuliza alikosea wapi, na mara nyingi hakukosea popote.

Sababu imo kwenye malipo. Kwa kawaida wakala binafsi hulipwa na mwajiri, tena baada ya mtu kuajiriwa. Mteja wake ni kampuni. Dakika za kumweleza aliyekosa nafasi hazimwingizii chochote, kwa hiyo hazitumii. Hata matangazo ya "kampuni kubwa jijini", yasiyotaja jina, yana hesabu yake: mwombaji akiijua kampuni anaweza kwenda moja kwa moja, na wakala akakosa ada. Wengine hukusanya CV kabla nafasi yenyewe haijapatikana, ili wakiomba tenda ya kutafuta wafanyakazi waonekane wana watu tayari. Mwombaji hajui kuwa amevaa vizuri na kulipa nauli kwa ajili ya kazi ambayo haipo.

Wingi wa watafuta kazi unawapa mawakala nguvu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilipotafuta watu wa kujaza nafasi 70, vijana zaidi ya 10,000 walijaza majukwaa ya Uwanja wa Taifa kwa ajili ya usaili. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakazidi 100,000. Hata hivyo, serikalini Sekretarieti ya Ajira hutangaza majina ya wanaoitwa kwenye usaili na ya wanaopangiwa vituo. Asiyejiona kwenye orodha anaendelea na maisha yake. Kwa wakala binafsi hakuna orodha, na kusubiri bila kujua kunachosha kuliko kukataliwa.

Si mara ya kwanza mawakala kulalamikiwa. Wapo waliokuwa wakiajiri watu kwa jina lao na kuwakodisha kwa makampuni, huku sehemu ya mshahara ikiishia mikononi mwao. Januari 2014 serikali iliupiga marufuku mtindo huo na kuwataka mawakala wabaki na kazi ya kumuunganisha mwombaji na mwajiri.

Kinachosikitisha ni kwamba sheria inamlinda mwombaji, na wengi hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi, na kwa madhumuni ya kifungu hicho mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mwajiriwa, wakala naye kama mwajiri. Kwa hiyo binti anayeulizwa ofisini kama ameolewa au ana mimba, kisha akanyimwa nafasi kwa jibu lake, ana hoja ya kuipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vivuli vya vyeti ambavyo mwombaji aliviacha navyo si mali ya wakala: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa haki ya kuuliza vinatumika kwa nini na kudai vifutwe.

Halafu kuna hela ya fomu, hela ya "kufungua faili", hela ya mafunzo. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi asimtoze mtafuta kazi ada yoyote, iwe waziwazi au kwa kuzunguka.

Anayeombwa fedha ili apate usaili asitoe. Aulize jina la mwajiri, aombe kuona leseni ya wakala, na akikataliwa vyote viwili aondoke na vyeti vyake, kisha ampelekee taarifa afisa kazi wa eneo hilo.