Mawe Yanayoshuhudia

Andiko la kusoma: Yoshua 4:1-9



Waisraeli walipovuka Yordani, Mungu aliwaamuru kutwaa mawe 12 katikati ya mto, ili watoto wao watakapouliza habari zake, wazazi wawe na la kuwajibu. Mawe yale hayakuabudiwa. Yalikuwa mashahidi.

Jirani zetu wa Angola wana mawe ya namna hiyo huko Mbanza Kongo, mji mkuu wa kale wa ufalme wa Kongo, ulioenea hadi magharibi ya nchi yetu. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa, na kanisa likajengwa mjini humo. Leo kuta za kanisa kuu la kale, Kulumbimbi, zingali zimesimama bila paa. Mwaka 2017 UNESCO iliuandika mji huo katika urithi wa dunia.

Kuta zile zinashuhudia mambo mawili. La kwanza: jina la Yesu lilifika pande hizi zaidi ya miaka 500 iliyopita. La pili ni la uchungu. Mwaka 1526 mfalme Afonso, mwana wa Nzinga, alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata jamaa zake, kuwa watumwa. Taifa lililoleta ubatizo ndilo lililonunua watu. Anayebomoa kuta hizo anaficha yote mawili.

Mwingine atasema: Pasta, Mungu hakai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono. Ni kweli. Hata Hezekia alivunja nyoka ya shaba kwa sababu watu waliifukizia uvumba. Basi kinachoabudiwa kivunjwe, lakini kinachofundisha watoto kitunzwe.

Na sisi je? Kanisa la wazee linabomolewa ili tujenge la kisasa, kengele inauzwa kama chuma, rejista ya ubatizo inaliwa na mchwa. Komite ya kanisa, kabla ya kubomoa, fanyeni hivi:

1. Ketini na wazee, mwandike mwaka wa kujenga na majina ya waliofyatua matofali.
2. Pigeni picha ndani na nje.
3. Wekeni rejista katika sanduku la chuma.
4. Kama kuta ni nzima, tengenezeni paa, na watoto wafundishwe humo.

Watoto watauliza. Tuwe na kitu cha kuwaonyesha. Bwana awabariki.