Serikali ya pamoja, mkoba mmoja: nani akabidhiwe Hazina?

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Nchini Kenya fahali hao wameingizwa zizini zaidi ya mara moja, na kila mara suala moja limezusha mvutano kuliko mengine: ni nani akabidhiwe ufunguo wa Hazina?

Swali hilo lilirudi tarehe 24 Julai 2024, pale Rais William Ruto alipomteua John Mbadi, mwenyekiti wa chama cha ODM, kuwa Waziri wa Fedha. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 25 Juni, vijana waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi wakipinga Mswada wa Fedha uliolenga kukusanya kodi zaidi ya shilingi bilioni 346. Makumi ya vijana walipoteza maisha katika maandamano hayo. Rais aliuondoa mswada, akavunja baraza la mawaziri tarehe 11 Julai, kisha akauita upinzani mezani.

Ili tufahamu uzito wa uteuzi huo, hatuna budi kurudi nyuma.

Tarehe 28 Februari 2008, baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya Kofi Annan. Mkataba ulisema wazi kwamba wizara zigawanywe kwa uwiano. Raila akawa Waziri Mkuu. Hata hivyo Wizara ya Fedha ilibaki upande wa Kibaki, mikononi mwa Amos Kimunya. ODM walipata viti vingi, lakini mkoba hawakuupata.

Haikupita miezi mitatu tangu baraza jipya liapishwe, moto ukawaka. Waziri wa Ardhi, James Orengo wa ODM, aliueleza umma kwamba hoteli ya Grand Regency, iliyokuwa chini ya Benki Kuu, ilikuwa imeuzwa kwa wawekezaji wa Libya. Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 2.9, na wakosoaji wakasema hoteli hiyo ilistahili fedha nyingi zaidi. Kwa hiyo aliyemnyoshea kidole Waziri wa Fedha hakuwa mpinzani, bali mwenzake wa baraza moja. Kimunya alisema ni afadhali afe kuliko kujiuzulu. Tarehe 2 Julai 2008 wabunge walipitisha hoja ya kutokuwa na imani naye, iliyowasilishwa na Bonny Khalwale, na siku sita baadaye akakaa kando.

Je, kiti hicho kilivuka kwenda upande wa pili? La. John Michuki alikaimu, na Januari 2009 Kibaki akamteua Uhuru Kenyatta, aliyekuwa pia Naibu Waziri Mkuu. Wote wawili walikuwa watu wa upande wa Rais. Kimunya, ambaye tume ya Jaji Mkuu mstaafu Abdul Majid Cockar ilimwondolea lawama, alirudi barazani kama Waziri wa Biashara. Kimunya mwenyewe alikuwa ameingia Hazina mwaka 2006 baada ya David Mwiraria kujiuzulu kutokana na kashfa ya Anglo Leasing. Na Januari 2012, Uhuru alipoachia Wizara ya Fedha baada ya mashtaka yake katika Mahakama ya ICC kuthibitishwa, aliyekaimu alikuwa Robinson Githae, naye wa upande ule ule. Mawaziri walipishana mlangoni, lakini ufunguo haukutoka mfukoni mwa mwenye nyumba.

Sababu haijifichi. Waziri wa Barabara anaweza kuwa na mpango mzuri na hata bajeti iliyopitishwa na Bunge, lakini Hazina isipotoa fedha, mpango huo ni karatasi tu. Ndiyo maana katika serikali ya mseto chama kinaweza kupewa wizara kumi na bado kikawa mgeni nyumbani.

Kwa mtazamo huo, uteuzi wa Mbadi ulikuwa jambo kubwa. Ni mhasibu kwa taaluma, na ndiye aliyekuwa akiongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma, ile inayowauliza maafisa wa serikali zilikokwenda fedha. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ilimbidi ahojiwe na Bunge na kuacha kiti chake cha ubunge. Agosti 2024 akaapishwa pamoja na wenzake wa ODM, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi.

Lakini mtego ulikuwa hapo hapo. Marehemu Raila alisema wakati huo kwamba ODM haikuingia katika muungano, bali ilimwazima Rais wataalamu wake. Makubaliano rasmi kati ya ODM na UDA yalitiwa saini tarehe 7 Machi 2025, zaidi ya miezi saba baada ya uteuzi. Yaani mkoba ulikabidhiwa kwanza, masharti yakaandikwa baadaye. Na mkoba wenyewe ulikuwa umetoboka, kwa kuwa deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10.

Matokeo tuliyaona Julai 2025, pale Mbadi alipowaambia wabunge kuwa serikali haikuwa na uwezo wa kutoa kwa ukamilifu shilingi 22,244 zinazotakiwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Lawama zote zikamwangukia yeye na chama chake, ingawa deni hilo lilirundikana kabla hajaingia ofisini.

Sisi wa ughaibuni suala hili latugusa moja kwa moja. Mwaka 2008 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola milioni 611, na mwaka 2024 kiasi hicho kilikaribia dola bilioni 5. Sehemu ya fedha hizo hulipa karo na hospitali. Kila shilingi ambayo Hazina haiipeleki shuleni, kuna simu inayopigwa kwetu usiku kuiomba.

Kwa hiyo tunasema hivi. Chama chochote kinachoingia serikali ya pamoja kisishangilie jina la waziri. Kiulize kwanza: fedha za wizara zitatolewa kwa utaratibu gani? Waziri wa Fedha akiondoka, nani atamteua mrithi, na kwa kushauriana na nani? Na mkaguzi wa jana akishakuwa mwenye mkoba leo, nani atabaki kumkagua? Mwaka 2008 Waziri wa Ardhi alithubutu kumuuliza mwenzake wa Fedha hadharani, na Bunge likasikia. Wakishakaa wote meza moja na kunyamaza, atakayeulizwa ni mlipa kodi, naye ataulizwa kwa bili.