Elimu ya Nafsi: Je, Saikolojia Yote Inapingana na Dini?

Baadhi ya ndugu zetu huuliza ikiwa inafaa Muislamu kwenda kwa mtaalamu wa saikolojia, kwa kuwa wamesikia kwamba elimu hiyo imejengwa juu ya kuikanusha dini. Hatuwezi kujibu kabla ya kujua ni saikolojia ipi inayokusudiwa, maana mikondo yake ni mingi na inapingana yenyewe kwa yenyewe.

Saikolojia ni elimu inayochunguza akili, hisia na mwenendo wa mwanadamu. Kama fani inayojitegemea, huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani. Yeye alimtaka mtu aeleze anachokihisi pale anapoonyeshwa mwanga au kusikilizishwa sauti. Kule Marekani, William James alijishughulisha zaidi na swali la fahamu inamfaa nini mtu maishani.

Kisha akaja Sigmund Freud wa Vienna, akasema kuwa mengi yanayotusukuma yamefichika ndani yetu, hasa matamanio yaliyozikwa tangu utotoni. Freud aliiona dini kuwa ni njozi tu, na hapa ndipo wanaposimama wanaosema saikolojia ni kufuru. Lakini Freud si saikolojia yote, na waliomkosoa vikali ni pamoja na wanasaikolojia wenzake.

Mwaka 1913, John Watson alitaka yachunguzwe matendo yanayoonekana tu. Ni kweli mkondo huu ulimshusha mwanadamu karibu na mnyama wa maabara. Hata hivyo umetuachia tiba yenye manufaa: mwenye hofu ya kitu husogezwa nacho kidogo kidogo mpaka hofu ipungue. Abraham Maslow na Carl Rogers wakarudisha utu na hiari ya mtu, na katika miaka ya 1960 Aaron Beck akawafundisha wenye huzuni kuzikagua fikra zao wenyewe.

Jambo hili la fikra si geni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliona asili yake ni mwilini. Akashauri pia mtu aweke akiba ya fikra njema angali mzima, kama anavyoweka dawa nyumbani.

Karibu na zama zetu, Malik Badri wa Sudan aliwakemea wanasaikolojia Waislamu wanaoiga kila kitu cha Magharibi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mwanasaikolojia na akitibu watu.

Kwa hiyo inafaa kwenda, na una haki ya kumuuliza mtaalamu atatumia njia gani na kama ataiheshimu ibada yako. Ama anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayefikiria kujiua, asicheleweshwe kwa mjadala huu. Apelekwe hospitali leo, na dua na ruqya ziendelee huko huko.

Wallaahu A'lam.