Mikopo ya asilimia 10: Kwa nini Mazingara haiwezi kupata sawa na Kinondoni

Chukua vikundi viwili vya kinamama. Kimoja kipo Kinondoni, Dar es Salaam, kingine kipo kata ya Mazingara, Handeni. Vyote vimesajiliwa, vina akaunti ya benki na vimeandika andiko la mradi wa kukamua mafuta ya alizeti. Vyote vinaomba mkopo uleule usio na riba kutoka halmashauri.

Sheria inavitazama sawa. Ishu ipo kwenye kapu la hela linalotoa mikopo hiyo.

Mikopo hii, maarufu kama "asilimia 10", haitoki Hazina. Inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri husika. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliongezwa kifungu cha 37A, kinachoitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato hayo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hesabu inapigwa baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani fedha zenye kazi maalumu kama zile za uchangiaji wa huduma za afya.

Kwa hiyo ukomo wa msaada ni uwezo wa halmashauri kukusanya, hata kama mahitaji ni makubwa kiasi gani.

Piga hesabu ya mfano. Halmashauri ya mjini ikibakiwa na Sh40 bilioni, fungu la mikopo ni Sh4 bilioni. Ya vijijini ikibakiwa na Sh3 bilioni, fungu ni Sh300 milioni. Humo wanawake wana Sh120 milioni. Kama kuna kata 20 na kila moja ipewe sawa, ni Sh6 milioni kwa kata. Si kwa kikundi, kwa kata nzima! Vikundi vitatu vikipita kwenye mchujo, kila kimoja kinaambulia Sh2 milioni, na mashine ya kukamua alizeti bado haijanunuliwa.

Hapo ndipo panapouma. Eneo lenye biashara chache lina ushuru mdogo, na lenye ushuru mdogo lina mikopo midogo. Lakini ndilo eneo ambalo mwanamke hana benki jirani wala kiwanja chenye hati cha kuweka dhamana.

Handeni ni wilaya ya wakulima na wafugaji. Halmashauri za aina hii hutegemea sana ushuru wa mazao na minada ya mifugo. Mvua zikikata, mahindi yanapungua na ushuru nao unapungua. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja akasamehewa. Mkulima alipumua, na haki yake. Ila shilingi iliyobaki mfukoni mwake haikuingia kwenye kapu ambalo mkewe angekopea.

Kwani hakuna fungu linaloangalia umaskini? Lipo. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, unatoka Serikali Kuu. Robo yake inagawanywa sawa kwa majimbo. Inayobaki inafuata idadi ya watu (45), kiwango cha umaskini (20) na ukubwa wa eneo (10). Yaani umaskini una uzito wa asilimia 20 tu. Tena fedha hizi ni za miradi ya jamii kama darasa, kisima au zahanati. Kikundi hakiwezi kuzichukua kama mtaji.

Kenya walichukua njia nyingine. Katiba ya 2010, ibara ya 204, imeunda Mfuko wa Usawazishaji unaopewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyoachwa nyuma. Nao una mipaka: ni wa miaka 20, na unaishia pale huduma zinapofikia kiwango cha maeneo mengine. Umoja wa Ulaya nao una ukomo wake. Mikoa ambayo pato la mtu halivuki asilimia 75 ya wastani wa umoja huo ndiyo inayoruhusiwa kusaidia kampuni zake kwa viwango vya juu zaidi. Kote huko kipimo kinaanzia kwenye unyonge wa eneo. Asilimia 10 yetu inaanzia kwenye makusanyo.

Kuna kingine kinachobana: marejesho. Mkopo ukirudi, unakopeshwa tena kwa kikundi kingine. Usiporudi, kapu linazidi kukauka. Ripoti za CAG zilitaja madeni sugu na vikundi hewa, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo yote nchini. Ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki. Kwa Tanga iliyoteuliwa ni Bumbuli. Handeni na Korogwe hazimo.

Benki inaweza kusaidia kudhibiti vikundi hewa. Haiongezi fungu.

Kwa kikundi cha Mazingara, pa kuanzia ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Swali la kwanza lisiwe "fomu zipo?" bali "robo hii zimetengwa shilingi ngapi, na kata yetu ina maombi mangapi?" Taarifa za mapato zinasomwa kwenye vikao vya Baraza la Madiwani, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza.