Fahamu: EuroLeague inachezwaje, na Wakongo wanaingiaje humo?

Goma, kaskazini mwa Kalehe kwa njia ya Minova, ndiko alikozaliwa mchezaji wa kikapu Jonathan Kuminga mwaka 2002. Yeye hakupitia Ulaya. Alikwenda Marekani akiwa bado mdogo, na mwaka 2022 akatwaa ubingwa wa NBA na Golden State. Lakini wengine walipitia Ulaya: Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alitokea Fuenlabrada ya Hispania kabla ya kuchaguliwa na NBA mwaka 2011. Serge Ibaka wa Brazzaville, ng'ambo ya Mto Kongo, aliichezea Bayern ya Ujerumani msimu wa 2023–24.

Bayern hiyo hucheza EuroLeague, mashindano makubwa kuliko yote ya vilabu vya kikapu barani Ulaya. Yalianza 1958, na tangu 2000 yanaendeshwa na vilabu vyenyewe, si na shirikisho la dunia, FIBA. Real Madrid inaongoza kwa mataji 11.

Msimu wa 2025–26 una timu 20, na kila moja inacheza mechi 38. Sita za juu zinafuzu moja kwa moja robo fainali, ya saba hadi ya kumi zinagombea nafasi mbili zilizobaki, kisha nne zinazoshinda robo fainali zinakutana katika mji mmoja. Mei 2025 mji huo ulikuwa Abu Dhabi, ambako Fenerbahçe iliifunga Monaco 81–70 katika fainali. Sasa Dubai nayo ina timu katika EuroLeague. Neno "Ulaya" limebaki jina tu. Fedha ndizo zinazochora ramani.

Sisi Waafrika tuna BAL, ligi yetu ya vilabu vya kikapu, iliyoanza Kigali mwaka 2021.