MLIMA HAULINDI UTULIVU

Wahenga walinena kuwa tembea uone. Nami nimetembea kidogo, nimesoma kidogo, na ningependa kuwamegea nilichopata.

Katika somo la Jiografia tulisoma habari za milima ya Himalaya. Huko juu kuna miji kama Leh, katika nchi ya India, ulioko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuna pia monasteri, yaani nyumba za watawa wa dini ya Kibudha. Moja ni Ganden, karibu na mji wa Lhasa kule Tibet. Ilianzishwa mwaka wa 1409 na iko zaidi ya mita 4,000.

Mbona watu wakajenga mbali hivyo? Walitafuta utulivu. Juu hakuna kelele za soko, na mvivu hawezi kufika. Kupanda kwenyewe si mchezo. Hewa ya oksijeni ni asilimia 21 kila mahali, lakini kadiri unavyopanda ndivyo kani ya hewa inavyopungua. Mtu akivuta pumzi mjini Leh hupata kama thuluthi mbili tu ya oksijeni ambayo angepata Mombasa. Mgeni huumwa na kichwa, hutapika, tena hukosa usingizi. Dawa yake ni kupumzika siku mbili za kwanza, kunywa maji, na kupanda polepole. Akizidiwa, ateremke mara moja, asijitie ushujaa. Sisi wa Nakuru tuko mita 1,850 hivi, kwa hivyo tumezoea kiasi. Ndiyo sababu mgeni kutoka pwani akicheza kandanda nasi huhema kama mbwa aliyefukuza sungura.

Nilipomaliza kusoma hayo nilijiambia, "Kumbe ukitaka amani, panda juu tu!" Lakini nilikuwa nimekosea. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, kati ya 1966 na 1976, Ganden ilibomolewa. Urefu wote ule haukuisaidia. Ilianza kujengwa upya baadaye, na watu waliopenda mahali hapo.

Wala tusiende mbali. Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi, upite Molo na Londiani, utafika Kipkelion, mji ambao zamani uliitwa Lumbwa. Huko vilimani watawa Wakatoliki wa shirika la Trappist, waliotoka Uholanzi, walianzisha monasteri yao mwaka wa 1956. Watawa hawa huamka kabla ya mapambazuko, husali mara saba kwa siku, hufanya kazi kwa mikono yao na husema machache. Basi ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zikafika hadi huko. Mamia ya watu waliofukuzwa makwao walikimbilia monasteri na kupata hifadhi. Mwaka huohuo wa 2008 watawa wakahamia Uganda.

Habari hizi sikuzitoa vitabuni pekee. Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa mmoja wa waliolala pale, yeye na watoto wake. Ati usiku walisikia watawa wakiimba sala, na watoto wakaacha kulia. Tangu hapo, kila Januari nyanya hupanda Menengai kumshukuru Mungu. Mwaka huu aliniambia, "Mjukuu wangu, magoti yamechoka. Utanisindikiza."

Kwa wale wasiojua, Menengai ndiyo kreta kubwa iliyo kaskazini mwa mji wetu. Zamani palikuwa na mlima wa volkeno. Uji wa moto uliokuwa chini yake ulipotoka, kilele kilikosa nguzo kikaporomoka ndani. Shimo lililobaki lina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na ukingo wake wa juu kabisa uko mita 2,278. Chini bado kuna moto. Uchimbaji wa mvuke wa kutengeneza umeme ulianza mwaka wa 2011. Katika mapango yake watu wa madhehebu mbalimbali huja kusali na kufunga kwa siku kadhaa.

Tulirauka alfajiri, tukapanda pole pole, nyanya ameshika bega langu. Njiani nilikula biskuti, nikatupa karatasi kichakani. Tulipofika pangoni nilishangaa. Chupa za plastiki zilikuwa zimetapakaa kote. Ukutani vijana walikuwa wameandika majina yao kwa rangi. Mtu mmoja alikuwa na kipaza sauti, wengine hata sala zao hawazisikii.

Nilidhani nyanya atakasirika. Wapi! Alitoa mfuko kwenye kikapu chake, akainama na magoti yale yale mabovu, akaanza kuokota chupa. Hakunitazama wala hakusema neno. Wenzangu, aibu niliyoona siwezi kuieleza. Niliteremka mbio hadi kwenye kile kichaka nikaitafuta karatasi yangu. Nilipoipata nilirudi, tukaokota pamoja mpaka mfuko ukajaa. Ndipo akapiga magoti akasali.

Basi nimejifunza kwamba mlima haulindi utulivu. Watu ndio huulinda, na watu ndio huuharibu, iwe Tibet, iwe Kipkelion, iwe hapa kwetu.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina machache kwa atakayekwenda Menengai. Usiende peke yako, na umwambie mtu nyumbani unakokwenda. Beba maji na sweta, kwa maana juu kuna baridi asubuhi na jua kali mchana. Kaa mbali na kingo na matundu ya mvuke, kwani yanachoma. Ukifunga, usifunge maji. Ukimkuta mtu anasali, hata kama dini yake si yako, pita kimya. Na ubebe mfuko.

Naomba chama chetu kipange safari ya huko. Mfuko wa kwanza nitauleta mimi.